Miaka Yako kwa Karo Yako: Kusomea Udaktari wa Meno kwa Mkataba wa Utumishi

Mtoto alikuwa wa miaka sita, ameletwa na mama yake kutoka Nyakach, shavu la kushoto limevimba kama aliyefumbata embe changa mdomoni. Mama alitaka jino ling'olewe ili warudi nyumbani kabla ya mvua. Nikamwambia mtoto apanue mdomo. Jino la mbele kucheza katika umri huo si ajabu, lakini hapa yalikuwa yakicheza magego, tena ya upande mmoja tu. Sikung'oa. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria haikauki, taya linalovimba upesi huku magego yakilegea linaweza kuwa na saratani ya Burkitt, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Saratani hiyo hukua kwa kasi ya kutisha, lakini husikia dawa ikiwahiwa. Mtoto akapelekwa siku ileile hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi wa Kisumu bado tunaiita Russia.

Nimeanza naye kwa sababu mwongozo huu ni wa pesa, na atakayekulipia karo ili urudi kuhudumu huku kwetu anazitoa kwa ajili ya mtoto kama huyo. Ukilishika hilo tangu mwanzo, barua yako ya maombi utaiandika tofauti, na mkataba utausoma tofauti.

Ufadhili wa utumishi ni makubaliano: mtu au serikali inakulipia masomo, nawe unalipa kwa miaka ya kazi mahali itakapokupangia. Maofisini tunauita bondi. Ukiutafuta kwa simu, majibu ya kwanza yatakuwa ya Marekani. Wao wana mpango wa National Health Service Corps, unaomlipia mwanafunzi wa meno karo na posho naye akahudumu kwa uchache miaka 2 katika maeneo yenye uhaba wa madaktari, na majeshi yao nayo yana mpango wake. Mipango hiyo ni ya raia wa huko. Kama una binamu aliyezaliwa Minnesota mwambie, lakini wewe wa Nyalenda usiipotezee bando.

Kwetu hakuna dirisha moja la namna hiyo. Kuna milango kadhaa, kila mmoja una funguo zake, na ni muhimu uelewe kwa nini imekaa hivyo. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Ukimaliza masomo, mwajiri wako mkubwa hapa ziwani atakuwa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori au Busia. Lakini elimu ya chuo kikuu imebaki kuwa jukumu la serikali ya kitaifa. Yaani anayekuhitaji kazini siye anayesimamia masomo yako. Ndiyo sababu mwaka 2025 kulizuka mvutano kuhusu basari za kaunti, Msimamizi wa Bajeti akisema kaunti haziwezi kulipia jukumu lisilo lao bila makubaliano rasmi na serikali kuu. Lakini kaunti yenyewe kumwendeleza kimasomo mfanyakazi wake ni jambo la kawaida la utumishi wa umma. Kumbuka tofauti hiyo, kwa maana ushauri wangu mkubwa unatoka hapo: kaunti humfunga bondi kwa urahisi zaidi mtu ambaye tayari iko naye kazini kuliko mwanafunzi ambaye bado haijamwona.

Kabla ya kufika huko, chukua kwanza pesa zisizodai miaka yako. Hapa vijana wengi huharakisha. Shahada ya udaktari wa meno hufundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1974, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho kina shule yake ya meno. Masomo ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini kabla Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, halijakupa leseni ya kufanya kazi. Unaomba nafasi kupitia KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni, na ushindani ni mkali: alama za kundi huhesabiwa juu ya 48, na walioingia huwa wamesogea karibu kabisa na kilele. Biolojia na kemia usiziachie nafasi hata kidogo. Kila chuo huonyesha gharama ya kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Iandike mahali, kwa sababu utaihitaji katika kila ombi utakalopeleka.

Ukishapata nafasi, omba ufadhili na mkopo wa serikali kuu kwa pamoja. Mfumo ulioanza 2023 hupima uwezo wa familia na kuiweka katika mojawapo ya ngazi 5. Familia maskini zaidi huachiwa sehemu ndogo sana ya karo, na zenye uwezo huachiwa kubwa. Mfumo huo umepigwa danadana mahakamani: Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Soma tangazo la mwaka wako, usitegemee alichofanyiwa kaka yako. Sehemu ya mkopo ni ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, yenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Hesabu vizuri: kwa daktari wa meno, mwaka huo mmoja unaishia kwenye uanagenzi. Uanagenzi ukichelewa kuanza, na huchelewa, HELB haikungoji, na faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukiona unachelewa, waandikie mapema au nenda kwenye dawati lao pale Huduma Center.

Basari ya NG-CDF ya eneo bunge lako na ya wadi, ikiwapo, ni ndogo ukilinganisha na karo ya meno, lakini haidai kitu. Iombe kila mwaka. Kuna mzazi mmoja namjua anayeuza omena Kibuye ambaye kwa miaka 5 hakuwahi kukosa foleni ya fomu za basari, na kwa fedha hizo binti yake alilipa nyumba na chakula kule Eldoret.

Sasa milango ya utumishi wenyewe.

Wa kwanza ni mrefu, nao ndio ninaoupenda. Diploma ya afisa wa afya ya kinywa ya jamii, wale tunaowaita COHO, hufundishwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kwa miaka 3. Inataka alama ya wastani ya C katika KCSE, na karo yake haikaribiani na ya shahada. COHO husajiliwa na KMPDC, hung'oa na kuziba meno, huenda mashuleni kufundisha watoto kupiga mswaki, na katika vituo vingi vya mashambani yeye ndiye mtu wa meno wa pekee. Ukiajiriwa na kaunti ukiwa COHO, umeshaingia ndani. Fanya kazi miaka michache, kisha omba likizo ya masomo usome shahada ukiwa mfanyakazi wao. Hapo ndipo bondi inapokuja, na hapo ndipo una kitu mkononi cha kujadiliana nacho. Sitakuficha kwamba likizo yenye mshahara kwa kozi ya miaka 5 hupewa wachache. Wengine huruhusiwa kwenda bila mshahara, kazi yao ikiwangoja. Hata hiyo ni kitu. Aliyemaliza shahada bila kazi inayomngoja anaweza kukaa nje muda mrefu akitafuta tangazo.

Wa pili ni wa aliyekwisha kuwa daktari wa meno: shahada ya uzamili. Hapa bondi ni jambo la kila siku. Kaunti au Wizara ya Afya inakuruhusu, unaendelea kulipwa mshahara, na unarudi kuhudumu kwa miaka inayolingana na urefu wa kozi. Mwaka 2018 Kenya ilipowapeleka madaktari 50 Cuba kusomea udaktari wa familia, ni watu waliokuwa tayari kazini kwenye kaunti. Mimi mwenyewe nilipitia mlango huu kwa kozi ya miaka 3 ya meno ya watoto.

Wa tatu ni jeshi. Majeshi ya Ulinzi ya Kenya hutangaza nafasi za maafisa wataalamu, wakiwemo madaktari wa meno, lakini kwa kawaida huchukua aliyekwisha hitimu na kusajiliwa. Karo ya shahada ya kwanza hapo usiitarajie. Ni mahali pa kwenda baadaye, ukiwa na afya njema na moyo wa kuamrishwa.

Kuna pia nchi za nje. Nyanza inajua mambo haya: Tom Mboya wa Rusinga aliwapeleka vijana 81 Marekani kwa ndege ya kwanza ya 1959, na Jaramogi akawafungulia wengine njia ya Urusi na Ulaya Mashariki. Wizara ya Elimu bado hutangaza nafasi za masomo katika nchi rafiki. Ukipata ya meno, uliza mambo mawili kabla ya kupanda ndege: kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa na KMPDC, na kama wewe mwenyewe uko tayari kufanya mtihani wa baraza hilo utakaporudi, kabla ya kuanza uanagenzi.

Tuje kwenye ombi lenyewe. Makaratasi yatayarishe kabla ya tangazo kutoka, kwa maana matangazo ya kaunti huwa na siku chache. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti au karatasi ya matokeo ya KCSE, PIN ya KRA, barua ya kuitwa chuoni, karatasi ya karo yenye muhuri, vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo kama mmoja hayupo. Barua ya chifu usiiombe siku ya mwisho. Vipige picha vyote vizuri, si kwa simu kwenye mwanga wa koroboi, nenda saiba wakuskanie, na uvihifadhi katika baruapepe yako mwenyewe. Baruapepe ya mwenye saiba si yako.

Barua ya maombi ndiyo inayoangusha wengi. Nimewahi kukaa na rundo la barua kama hizo, na nusu yake zilianza kwa sentensi moja: tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari. Mwenye kusoma amechoka na ndoto. Anatafuta jibu la swali moja: huyu tukimlipia, atarudi? Na akirudi, atakaa? Mwaka 2010, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani lilipotoa ushauri wake kuhusu kuwabakiza wahudumu wa afya mashambani, liliweka pamoja mambo mawili: kuwapa ufadhili wenye mkataba wa utumishi, na kuwachagua vijana waliokulia mashambani, kwa sababu hao ndio huelekea kurudi na kukaa. Basi wewe wa ziwani unayo tayari ile sifa wanayoitafuta. Ionyeshe kwa vitu vinavyoonekana. Kwa mfano:

"Nimezaliwa na kukulia kisiwa cha Mageta. Kwetu mtu akiumwa jino hupanda boti hadi Usenge, kisha matatu. Mwaka jana nilimsindikiza nyanya yangu safari hiyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tulifika jioni na boti ya kurudi ikawa imeondoka. Najua nauli, najua saa za boti, na najua kwa nini watu wa kisiwani hungoja mpaka shavu livimbe. Nikipangiwa kituo chochote cha Usigu au visiwani, nitakuwa nikifanya kazi nyumbani."

Haina neno kubwa hata moja, lakini atakayeisoma anamwona mtu. Wewe huwezi kuandika ya Mageta kama umetoka Milimani. Andika ya kwako. Kama umekulia mjini na shamba unalijua wakati wa Krismasi tu, sema ukweli huo, kisha eleza umefanya nini kulijua: ulijitolea kliniki gani, likizo gani, ulifanya kazi gani. Ukienda kujitolea, hata kufuta sakafu na kuita majina ya wagonjwa, omba barua ya aliyekusimamia yenye tarehe.

Kwenye mahojiano ujibu kwa lugha unayoulizwa, lakini uwe tayari kuulizwa kidogo kwa Dholuo na kwa Kiswahili, kwa sababu wagonjwa hawataumwa kwa Kiingereza. Fahamu afya ya kinywa ya hapa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 uliona meno yaliyooza kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 3. Fahamu kwa nini mzee wa miaka mingi anaweza kukaa kwenye kiti akiwa hana meno 6 ya mbele ya chini: yalitolewa ujanani kwa mila ya Kiluo, hayakuoza. Mwanafunzi mmoja mbele ya mzee wa namna hiyo alianza kumpa pole. Mzee alimtazama tu, akageuza kichwa, na siku hiyo hakuongea naye tena.

Sasa mkataba. Ukipitia haraka mengine yote, hapa kaa.

Wangu niliutia sahihi nimesimama. Karani alikuwa na haraka, wenzangu walikuwa nyuma yangu mlangoni, na muhula ulikuwa unaanza Jumatatu. Nilisoma idadi ya miaka, nikasoma kiasi cha kulipa nikivunja, nikatia sahihi kila ukurasa. Sikusoma miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini. Nilipomaliza masomo nilirudi kuripoti wiki ileile, lakini barua ya kunipangia kituo ilinifikia baada ya miezi 8. Wakati huo wote nilikuwa nikifanya kazi, nikiona watoto kila siku. Mkataba ulisema utumishi huanza tarehe ya barua ya kupangiwa kituo. Miezi 8 yangu haikuhesabiwa. Sitaji mwajiri, kwa kuwa hilo halikusaidii. Lakini mstari ule ulikuwa ukurasa wa tatu, maneno hayafiki ishirini, na ningeuona kama ningeketi.

Kwa hiyo omba nakala uende nayo nyumbani angalau siku mbili. Wakikataa, uliza kwa upole kwa nini. Mpelekee wakili, au mwenzako aliyewahi kufungwa bondi. Huyo wa pili mara nyingi huona zaidi. Tafuta siku ya kuanza kuhesabiwa, na uombe iandikwe kwamba ni siku uliyoripoti kazini. Angalia kama mwaka wa uanagenzi unahesabiwa kuwa utumishi. Mara nyingi hauhesabiwi. Angalia kituo: ni kituo kimoja kilichotajwa, au popote katika kaunti, na wanaweza kukuhamisha mara ngapi. Kazi ya meno haifanyiki kwa mikono mitupu kama ushauri. Bila kiti cha meno kinachofanya kazi, kompresa, na mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, utakuwa unang'oa tu na kuandika barua za rufaa, na ustadi uliosomea utafifia. Omba kipengele kinachosema kwamba kama kituo hakina vifaa, utapelekwa penye vifaa na muda uendelee kuhesabiwa.

Uliza kuhusu likizo ya uzazi, ugonjwa na migomo. Mwaka 2024 madaktari, wakiwemo wa meno, waligoma kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, siku 56, na sababu mojawapo ilikuwa malipo ya wanagenzi, ambao serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 za makubaliano ya 2017. Mgomo mwingine ukija, siku hizo kwenye bondi yako ni za nani? Mkataba usiposema, mwajiri atasema.

Kisha bei ya kutoka. Kila mkataba una yake. Ule mpango wa Marekani niliotaja humdai anayevunja mara 3 ya kilichotumika juu yake, pamoja na riba. Wa kwako unaweza kudai gharama zote pamoja na mshahara uliolipwa ukiwa masomoni. Angalia kama deni hupungua kwa kila mwaka uliohudumu. Mtu aliyetumikia miaka 4 kati ya 5 na akalazimika kuondoka kwa sababu ya ndoa au ugonjwa hastahili kudaiwa sawa na aliyekimbia wiki ya kwanza, na hili ni jambo ambalo waajiri hukubali kuliandika wakiombwa mapema.

Mzazi au mjomba anayeitwa kuwa mdhamini naye asome. Si shahidi tu huyo. Wewe ukitoroka, ndiye atakayefuatwa. Nimemwona baba mmoja akitia sahihi akidhani anathibitisha kwamba mtoto ni wake. Keti naye, msomee kwa lugha anayoielewa, mtajie kiasi kwa shilingi.

Ukishatia sahihi, dai nakala yenye sahihi za pande zote na muhuri siku hiyohiyo. Nunua faili ya plastiki. Weka humo barua ya kuruhusiwa kwenda masomoni, ya kuripoti, ya kupangiwa kituo, kila ya uhamisho, na hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza na wa mwisho wa kila mwaka. Maofisa hubadilika, serikali za kaunti hubadilika kila uchaguzi, na atakayekuja baadaye hatakujua. Miezi 3 kabla ya miaka yako kwisha, iandikie idara ya afya ukiomba barua ya kuthibitisha kwamba umekamilisha utumishi na kwamba wadhamini wako wameachiliwa. Usingoje ikufuate. Yangu niliiandikia mara tatu kabla ya kujibiwa, na ilipokuja nilitoa nakala mbili: moja nikaiweka kwenye faili, nyingine nikampelekea mjomba wangu kule Ahero, aliyekuwa ametia sahihi kwa ajili yangu.